Giaboksi za helikopta: plagi za sumaku, sampuli za oili au HUMS? Fungu ni la kitu kimoja

Hangani_Arusha
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nahudumia helikopta mbili, zote AS350, injini moja moja. Kazi yao ni kubeba watalii, na mara nyingine kushusha wagonjwa mlimani. Juzi mwenye mali kaniita, kasema mwaka huu kuna fungu la kuimarisha ulinzi wa giaboksi (boksi la gia linalopeleka nguvu ya injini kwenye rota), ila ni la kitu kimoja tu. Nichague mimi.

Kilichomstua ni hiki. Mwezi uliopita taa ya chipu ya giaboksi kuu, ile inayowaka chenga za chuma zikinasa kwenye plagi ya sumaku ndani ya oili na kuunganisha ncha zake mbili, iliwaka angani, abiria wanne ndani. Rubani akashuka kwenye uwanda, akazima, akanipigia. Nilifika kwa gari baada ya saa tatu. Nilipochomoa plagi, ncha yake ilikuwa imeota ndevu nyeusi laini, ukigusa kidole kinabaki kama umeshika masizi. Hakuna gamba wala kipande. Nikasafisha, nikafuata kitabu hatua kwa hatua, tukaizungusha chini, ikarudi nyumbani bila abiria. Haijawaka tena. Lakini zile saa tatu barabarani nikiwa sijui nitakuta nini hazijanitoka.

Ninachopima ni hivi: (a) kubadili plagi ziwe zile za kuunguza unga kwa umeme, pamoja na vifaa vya kuchunguza chenga, (b) mkataba wa maabara, sampuli ya oili kila baada ya saa kadhaa za kuruka, (c) HUMS ndogo, yaani mfumo wa kufuatilia afya ya mitambo, vihisi vya mtetemo kwenye giaboksi na kompyuta ya kusoma. Mngekuwa nyie mngechukua kipi, na kwa nini?

Mzee_Spana
Marahaba kijana. Kabla ya kununua chochote, niambie: zile ndevu uliziweka wapi? Kama ulizifuta kwa tambara ukalitupa, umetupa barua uliyoandikiwa.

Plagi ikitoka, ioshe ndani ya kikombe safi chenye kiyeyushi, kisha mimina yote kwenye karatasi nyeupe ya kuchujia. Iache ikauke. Chukua lenzi ya mara kumi, simama penye jua. Unga mweusi laini ni chuma kusuguana na chuma, giaboksi yoyote inayo, hasa mpya au iliyotoka matengenezo makubwa. Gamba bapa, upande mmoja laini unang'aa na upande wa pili una chembechembe kama mkate uliovunjwa, hilo limebanduka kwenye njia ya beringi au kwenye jino la gia. Hapo unasimama. Unapima urefu wake, unafungua kitabu cha mtengenezaji uone kikomo, na hata likiwa ndani ya kikomo unalitunza kwenye kijifuko chenye tarehe na saa za ndege.

Shaba na alumini hazishiki sumaku. Kwa hiyo ukimwaga oili ichuje, na filta ikunjue kabla hujaitupa. Nimeona watu wanaitoa filta na kuitia kwenye pipa la taka papo hapo, na humo ndani ndimo mlimokuwa na jibu.

Na kabla hujairudisha plagi, waya ukiwa umeunganishwa, unganisha ncha zake mbili kwa bisibisi huku mwenzako ameketi mbele anaangalia taa. Ikiwaka, vaa oringi mpya, rudisha, funga waya. Isipowaka, ulikuwa unaruka na kipofu.

Kura yangu ni (a), ila vile vifaa vya uchunguzi kwanza, plagi baadaye.

Dada_Maabara
Mzee Spana nakuheshimu, na uliyoyasema yote ni kweli kwa vitu vinavyoonekana kwa jicho. Mimi nasoma sampuli za oili kila siku, naomba nimtetee asiyeonekana.

Mashine ya maabara inaunguza oili na kusoma mwanga wa kila metali: chuma, kromu, shaba, fedha, alumini, na pia wa silika. Inaona chembe ndogo mno, chini ya mikroni 10 hivi. Unywele wa kichwa chako ni kama mikroni 70. Chembe kubwa kuliko hapo mashine yetu karibu haizioni, na plagi ya sumaku nayo haizioni zile ndogo. Katikati ndiyo kazi ya filta. Kwa hiyo mtu akiniambia "maabara imesema salama", huwa namuuliza amekunjua filta?

Tunachokitambua mapema ni kuchakaa polepole, na silika, yaani vumbi. Kwa ndege inayotua kwenye vumbi la mbugani, silika ikipanda ujue kuna sili au tundu la kupumulia linaloingiza uchafu. Hilo sumaku haitakwambia kamwe.

Ila namba moja haina maana. Maana iko kwenye mwelekeo wa sampuli tano, sita, na mwelekeo unaharibiwa na fundi, si na mashine. Chota oili ikiwa bado ya moto baada ya kuzima, mahali pale pale kila mara, chupa safi, KABLA ya kuongeza oili. Andika saa tangu oili ibadilishwe na kiasi ulichoongeza. Napokea chupa zisizo na hata namba ya giaboksi. Nifanye nini nazo?

Hangani, majibu yakichukua wiki tatu kukufikia, ndege yako itakuwa imeruka saa ngapi? Jibu swali hilo ndipo uchague (b).

Mpwani_Aberdeen
Salamu kutoka Uskoti. Niko kwenye hangari za helikopta za visima vya mafuta, na huku haya mambo yameandikwa kwa vifo vya watu, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha.

Tarehe 1 Aprili 2009, Super Puma AS332 L2 ilianguka baharini karibu na Peterhead, watu 16 wakafa wote. Gia moja ndogo, zile zinazozunguka gia ya kati kama sayari, ilipasuka. Machi 25, saa 36 za kuruka kabla ya ajali, mafundi walikuta kipande kimoja cha chuma kwenye plagi ya sumaku ya moduli ile ile, yaani sehemu ya giaboksi yenye gia hiyo. Mfumo ulisema! Lakini kipande hakikutambuliwa kuwa kinatoka kwenye gia hiyo, na moduli haikufunguliwa. Zaidi ya hapo, ndani ya giaboksi kulikuwa na pete ya sumaku iliyowekwa kwa nia njema ya kukamata uchafu, nayo ikapunguza uwezekano wa chenga kuifikia plagi yenye taa. Baada ya ajali sumaku hizo ziliamriwa kutolewa.

Halafu Turøy, Norway, 29 Aprili 2016. EC225, watu 13. Gia ya aina ile ile, hatua ya pili, chuma kikachoka. Ufa ulianzia kwenye kidoa kidogo cha juu ukakimbilia ndani kwa ndani, chenga zilizotoka zikawa chache mno. Plagi hazikuwaka. HUMS ilikuwepo na haikutoa onyo. Rota kuu yote ikang'oka.

Sisemi HUMS haina kazi. Shafti iliyoenda upande, beringi ya nje, usawa wa rota, inaviona vizuri sana na nisingependa kufanya kazi bila hiyo. Lakini beringi za gia zinazozunguka katikati ya giaboksi zimezungukwa na kelele za gia nyingine zote, na kihisi kiko nje kwenye ganda. Kwa helikopta mbili bila mtu wa kukaa na kusoma zile grafu kila jioni, (c) itakuwa pambo. Samahani kwa neno kali.

Rubani_Wilson
Nimesoma kimya, sasa niseme upande wa kiti cha mbele. Nyote mnazungumzia chuma kinachochakaa. Mimi kinachoniamsha usiku ni oili kuondoka.

Machi 12, 2009, S-92A ilitoka St. John's, Kanada, ikielekea visima vya baharini. Kikombe cha filta ya oili ya giaboksi kuu kilishikwa na bolti tatu za titani zisizo na kichwa. Nyuzi zake zilikuwa zimekwaruzika kwa kufunguliwa na kufungwa mara nyingi, bolti mbili zikakatika, oili ikamwagika yote. Kiasi cha dakika 11 baadaye mfumo wa kuzungusha rota ya mkia ukashindwa. Kati ya 18, mmoja ndiye aliyepona. Na Julai 2008, huko Australia, S-92 nyingine ilishapoteza oili kwa bolti hizo hizo, ikatua salama. Januari 2009 mtengenezaji akaagiza zibadilishwe ndani ya saa 1,250 au mwaka mmoja. Mwaka wenyewe haukufika.

Hakuna plagi, maabara wala HUMS iliyokuwa na la kusema pale. Ilikuwa kazi ya mkono wa fundi kwenye nyuzi za bolti, na lenzi. Kwa hiyo kaka Hangani, kwenye orodha yako ongeza (d): kila ukifungua filta, angalia nyuzi, gasketi, alama za kusuguana kwenye mipira ya kupitishia oili, na kaza kwa spana ya kipimo, si kwa hisia ya kiganja.

Kingine. Mwaka 2012, mwezi wa 5 na mwezi wa 10, EC225 mbili zilitua majini Bahari ya Kaskazini. Shafti ya wima iliyokuwa inazungusha pampu zote mbili za oili ilipasuka, pampu kuu na ya akiba zikasimama pamoja. Mfumo wa dharura ukafanya kazi, lakini taa ikasema umeshindwa. Taa ilidanganya, swichi zake za presha hazikulingana na mfumo. Marubani wakaiamini, wakashuka majini, na watu wote 14 na 19 wakatoka hai. Nawapongeza. Rubani hana dirisha la kuchungulia ndani ya giaboksi, ana taa na sindano tu. Naombeni mzijaribu hizo taa kama alivyosema mzee.

Hangani_Arusha
Nimepata zaidi ya nilichouliza. Mzee, nakiri: zile ndevu nilizifuta kwa tambara. Nimeumia kusoma.

Swali bado moja. Hizi plagi za kuunguza unga, rubani akibonyeza, unga unaungua na taa inazima. Je, si tunafuta ushahidi?

Mzee_Spana
Ndiyo maana nikasema vifaa kwanza. Unga laini unaungua, gamba haliungui, taa inabaki. Hiyo ndiyo faida, hutui porini kwa masizi. Hatari inakuja rubani akiunguza asiandike. Weka sharti: kila mkupuo, yaani kila anapobonyeza kuunguza, unaandikwa kwenye logi ya ndege, saa na dakika. Mikupuo ikianza kukaribiana, plagi inatoka hata kama taa imezima.

Rubani_Wilson
Nakubali kuandika. Ila mimi nisingeunguza mara ya pili katika safari moja. Ikirudi, natua.

Fundi_Nyali
Na mimi niongeze la huku pwani, maana mmeisahau oili yenyewe. Oili ya sintetiki hunyonya unyevu. Mkebe uliofunguliwa asubuhi huku kwetu Mombasa, jioni si ule tena. Tumia, kilichobaki kisirudi kwenye ndege. Hizo shafti za 2012 alizozitaja rubani, nyufa zake zilianzia kwenye vishimo vya kutu. Maji kidogo tu.

Na msichanganye. Niliwahi kupokea ndege kutoka kwa kampuni moja, sitaitaja, karatasi zinasema giaboksi imejazwa oili ya DOD-PRF-85734, kumbe mtu aliongezea ya injini, ya 23699, kwa sababu ndiyo iliyokuwa rafuni. Zote za sintetiki, rangi zinakaribiana. Lakini ile ya kwanza ina viungo vya kubeba mzigo wa meno ya gia. Tulimwaga, tukasafisha, tukajaza upya, na hapo mwelekeo wote wa sampuli za maabara ukawa hauna maana, tukaanza moja.

Halafu giaboksi ya mkia, ndugu zangu. Haina pampu, gia zinajirushia oili zenyewe, na oili yenyewe ni kidogo. Kioo chake kikichafuka kwa ndani huacha mstari unaofanana na kiwango cha oili. Nimeshuhudia fundi mzuri akisoma ule mstari siku kadhaa mfululizo. Tikisa mkia kidogo uone kama mstari unacheza. Usipocheza, hiyo si oili, ni doa.

Dada_Maabara
Fundi Nyali, hilo la doa nalichukua kwa wanafunzi wangu. Hangani, ukiamua, nitumie kwa ujumbe wa ndani, nikupe fomu ya sampuli tunayotaka ijazwe. Haigharimu kitu.

Hangani_Arusha
Nimezungumza na mwenye mali asubuhi hii. HUMS tumeiweka kando mpaka tuwe na mtu wa kuisoma. Fungu linaenda kwenye (a), lenzi na karatasi za kuchujia zikitangulia. Sampuli nitazichota mimi mwenyewe na kuzituma kila filta inapofunguliwa. Kadi ya kazi nimeiandika upya: nyuzi za bolti, taa kwa bisibisi, mkia utikiswe.

Jumatatu nafungua filta ya ile iliyowaka. Mzee, nitaikunjua juu ya karatasi nyeupe na kukuwekea picha hapa kabla sijagusa kitu.