Mwenyekiti wa bodi kaenda Ujerumani kununua spea, barua ya kujieleza napewa mimi

Wakuu, heshima kwenu. Nimekaa siku nne bila kuandika ili hasira zishuke. Hazijashuka, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Ni mwalimu wa Historia, shule moja ya binafsi hapa Dar, jina naliweka kapuni. Juni tumepeleka wanafunzi 14 wa kidato cha tatu Hamburg kwa siku 12, wakae na wenzao wa shule ya huko. Wasichana 9, wavulana 5. Dar na Hamburg ni miji rafiki tangu 2010, na shule kutembeleana siyo jambo geni. Ya kwetu iliharibika kabla hata hatujafika uwanja wa ndege.

Walezi tulipangwa wawili, mimi na matroni. Matroni ndiye aliyehangaika na makaratasi yote: vyeti vya kuzaliwa, idhini za baba na mama zilizogongwa muhuri wa wakili (mzazi mmoja yuko mgodini Geita, barua yake ilikuja na basi), bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na viza ya kila kichwa. Wiki tatu kabla ya safari tunaitwa ofisini. Nafasi ya matroni anaichukua mwenyekiti wa bodi, msafara unahitaji "mtu mzito". Kumbe viza yake ilishatoka kitambo.

Nikauliza wasichana tisa watakuwa na nani. Mkuu akanijibu, "Mwalimu, kwani wewe si mzazi?" Ni mzazi, ndiyo. Wa wavulana wawili.

Kule watoto waligawanywa kwenye familia saba, kila familia na upande wake wa mji, na simu ya dharura ni moja, yangu. Juni jua la Hamburg linazama karibu saa nne usiku, mtoto wa Tabata ukimwambia akalale anakuona umechanganyikiwa. Kila soseji naulizia kama ni nguruwe. Siku ya pili, kwenye treni ya mjini, milango ikajifunga kijana mmoja yuko ndani anapiga picha. Tukabaki tunamwangalia anavyoondoka katoa macho. Nilikuwa nimewaambia ukiachwa, shuka kituo kinachofuata na usisogee, na kweli nilimkuta pale pale kakumbatia nguzo. Lakini ili nimfuate huyo mmoja ilibidi nimwachie mwalimu mwenyeji watoto 13 wasioelewa hata neno lake moja. Mtu mzito alikuwa wapi? Alishatoa hotuba siku ya kwanza, akapiga picha, akaenda Bremen, mji mwingine kabisa, "kumsalimia mpwa".

Siku ya tano niliwapeleka Jenfeld, mtaa wa huko huko Hamburg, kwenye zile sanamu za askari na wapagazi wetu zilizowekwa enzi za Hitler kuwatukuza Wajerumani waliopigana huku. Somo hilo nililiandaa mwezi mzima. Binti mmoja akakaa chini, kwenye ukingo wa njia. Nikamwambia simama, wenzako hao walitembea na mizigo kichwani mpaka wakafa. Akasimama.

Usiku uliofuata, saa saba na robo, simu ikaita. "Shikamoo mwalimu." Analia, lakini kaanza na shikamoo. Tumbo linamuuma. Toka lini? "Toka juzi." Linauma vipi? Kimya. Mama mwenyeji akaichukua simu, na baada ya dakika ukaingia ujumbe uliotafsiriwa na programu: "Ni damu yake ya mwezi. Anatapika. Anaona aibu kusema kwako." Wakuu, mimi ndiye niliyemwambia asimame.

Nikachukua teksi, euro 38 mfukoni mwangu. Hospitali wakataka karatasi za bima na idhini ya wazazi. Faili liko kwenye begi la mwenyekiti, begi liko Bremen, simu ya mwenyekiti imezimwa. Nikampigia matroni. Dar ilishafika saa tisa kasoro, akapokea mlio wa pili. Alipiga picha kila karatasi kabla hajanyang'anywa safari, akanitumia zote, kisha akaongea na binti kama nusu saa. Binti alimweleza kila kitu. Alidungwa sindano, akawekewa dripu, asubuhi akaruhusiwa.

Mwenyekiti alirudi siku moja kabla ya safari ya kurudi Dar na maboksi mawili ya spea za malori. Uwanjani nakuta vyuma vilivyozungushiwa magazeti ndani ya mabegi ya wanafunzi, eti "wasaidie kubeba, wao wana kilo". Dada wa kaunta anamuuliza mtoto kama begi kalifunga mwenyewe, mtoto ananiangalia mimi. Nikavitoa vyote, nikavipanga sakafuni mbele ya foleni. Nadhani kosa langu halisi ni hilo.

Maana Jumatatu nimepokea barua ya kujieleza: kwa nini nilimpeleka mwanafunzi hospitali bila idhini ya kiongozi wa msafara, na kwa nini nilimpigia simu mtumishi asiyehusika na safari. Matroni naye kapewa yake, kutunza nyaraka za shule kwenye simu binafsi. Wazazi wameambiwa safari ilikuwa ya mafanikio makubwa.

Majibu yanatakiwa Ijumaa saa sita mchana. Waliowahi kupitia haya wanishauri: nijibu hoja mbili walizoniuliza tu, au niandike yote na nakala niwape wazazi 14? Risiti ya teksi ninayo, na simu nilizompigia mwenyekiti usiku ule, 11, bado zinaonekana.