Kuvu na utando unaonata kwenye viti vya ngozi: nisafishe vipi bila kuiharibu ngozi?

Mkazi_wa_Katubuka

Habari za leo, ndugu zangu. Gari langu lilikaa uani kwa shemeji yangu hapa Kigoma tangu mvua zilipochanganya, madirisha yakiwa yamefungwa, nami nikiwa safarini. Nilipolifungua nilikuta viti vya mbele vimeota kuvu: madoa meupe kama unga sehemu ya kukalia, na ya kijani yaliyokolea kwenye mishono. Nimeyafuta kwa kitambaa kikavu yakatoweka, kisha yakarudi palepale. Kiti cha nyuma kina tatizo la aina nyingine, kwa kuwa dumu la mawese liliwahi kuvujia hapo na kuacha utando wa rangi ya machungwa unaonata, ambao sasa umegandiwa na vumbi. Ngozi yenyewe ni ya rangi ya maziwa, kwa hiyo hakuna doa linalojificha. Wapo walionishauri nitumie Jiki. Naomba ushauri wa wenye uzoefu kabla sijagusa chochote.

Fundi_Viti_Ujiji

Pole sana, ndugu yangu. Jiki usiisogeze kabisa kwenye ngozi, maana itakula rangi, itaikausha ngozi mpaka ipasuke na itadhoofisha uzi wa mishono. Sabuni ya unga ya kufulia nayo iache, kwa sababu ina magadi mengi ilhali ngozi iliyotengenezwa kiwandani ina asidi kidogo, na vitu hivyo viwili havipatani.

Weupe pekee usingetosha kuthibitisha kwamba hiyo ni kuvu, kwa sababu mara nyingine mafuta yaliyomo ndani ya ngozi hupanda juu na kuganda kama unga. Hayo ukiyapulizia hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele huyeyuka, wakati kuvu haiyeyuki. Lakini ukijani ulioueleza kwenye mishono unaondoa shaka.

Litoe gari nje, fungua milango yote, vaa barakoa na glavu. Piga kuvu kavu kwa brashi laini ukielekeza nje ya gari, kisha fyonza kwa mashine ya vumbi. Kuipangusa milango ikiwa imefungwa ni kuitawanya tu, kwani mbegu zake ni ndogo mno na zitatua kwenye dari na matundu ya hewa. Baada ya hapo changanya siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, lowesha kitambaa na ukikamue kabisa, ndipo ufute sehemu ndogo ndogo huku ukigeuza upande safi wa kitambaa kila mara. Usimwage maji kwenye kiti hata kidogo: chini ya ngozi kuna sponji ambayo ikilowa hukauka kwa shida, na magari mengi yana nyaya chini ya viti, zikiwemo za mifuko ya hewa ya ubavuni. Kwenye mishono tumia mswaki laini, kwa sababu jasho na makombo hukaa hapo na ndiyo chakula chenyewe cha kuvu. Malizia kwa kitambaa chenye maji safi, ukaushe kwa kitambaa kingine.

Kuvu ikirudi, tumia spiriti ya dawa iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, lakini ijaribu kwanza sehemu isiyoonekana, kwani inaweza kuondoa rangi. Kausha kwa feni au upepo wa kivulini, si kwenye jua kali. Losheni ya ngozi ipakwe kiti kikiwa kikavu kabisa. Ukiipaka mapema unaufungia unyevu ndani. Na tafadhali, mafuta ya kula yasiguse viti hivyo kwa kisingizio cha kuving'arisha.

Mama_wa_Gungu

Kuhusu mawese, nimeyaondoa kwenye viti vya gari la biashara mara nyingi. Nyunyiza unga wa muhogo mkavu juu ya utando, uache ulale usiku kucha, kisha ufyonze. Rudia mpaka unga utoke bila kubadilika rangi. Unaobaki futa kwa povu la sabuni laini, povu tu, bila maji. Alama ya rangi ya machungwa huenda ikabaki, nayo hufifia polepole kwa mwanga. Petroli na thina usithubutu kutumia, kwa sababu huyeyusha rangi iliyopakwa juu ya ngozi. Ikiwa baada ya yote hayo kiti bado kinanata na kitambaa kinatoka na rangi ya kiti, basi ni ile rangi ya juu iliyolainika, na hapo utahitaji fundi wa kuipaka upya.

Bandarini

Mkuu, kabla ya viti, inua kapeti. Kuvu haioti bila unyevu, na gari lililofungwa vizuri halipati maji yenyewe. Bonyeza karatasi ya chooni kwenye sponji iliyo chini ya kapeti, mbele na nyuma, uone kama italowa.

Mkazi_wa_Katubuka

Nawashukuru sana. Nimeinua kapeti: upande wa abiria wa mbele sponji imeloa chepechepe, pengine pote ni pakavu. Mipira ya milango haina mpasuko.

Bandarini

Basi angalia mahali pawili. Kwanza ni chini ya kioo cha mbele, pale zinapokaa waipa: majani ya mwembe yakijaa humo, maji ya mvua hukosa njia na kuingia ndani kupitia mfereji wa hewa. Pili ni mpira mwembamba unaotoa maji ya kiyoyozi chini ya gari. Washa kiyoyozi kwa muda, na kama hakuna tone linalodondoka chini, umeziba. Uzibue taratibu kwa waya laini au upepo wa kompresa usio na nguvu. Badilisha pia filta ya hewa ya ndani, kwa sababu ile ya zamani imeshabeba mbegu za kuvu na itazipulizia kwenye viti ulivyosafisha. Kapeti usiirudishe mpaka karatasi ukiibonyeza kwenye sponji itoke kavu, hata kama itakulazimu kuendesha gari likiwa na bati tupu chini.

Fundi_Viti_Ujiji

Naunga mkono. Ukishalifungua upande huo, angalia na reli za kiti cha abiria. Zikiwa zimeanza kutu, zisugue na kuzipaka grisi kabla kiti hakijagoma kusogea.