Abiria kasema saa 11 alfajiri, ejenti wa AI kakata tiketi ya saa 5 asubuhi. Tatizo ni modeli au maelezo yangu?

kodi_na_kahawa
Habari zenu wakuu. Nina mfumo wa kukata tiketi za mabasi nimeuandika mwenyewe, unatumiwa na kampuni moja ndogo ya mikoani, mwezi uliopita nikaufungulia njia kwa MCP (kiwango cha kuunganisha AI na zana za mifumo mingine) ili ejenti wa AI awe anapokea abiria kwenye chati na kuwakatia. Zana ziko nne tu: tafuta_safari, kata_tiketi, futa_tiketi na angalia_tiketi. Nikijaribu mwenyewe kwenye laptop iko poa kabisa, ila kwa abiria wa kweli ni vituko. Juzi mama mmoja kaandika anataka basi la saa 11 alfajiri kwenda Moshi, ejenti kamkatia la 11:00, yaani saa tano asubuhi, mama wa watu kafika stendi saa kumi na nusu usiku na mizigo yake yote. Mwingine alitaka kusogeza tarehe tu, ejenti akaifuta tiketi, kuja kukata upya basi limeshajaa.

Maelezo niliyompa kwenye kata_tiketi ni haya hapa: "Hukata tiketi. Parameta: muda, simu, kituo, siti."

Sasa nibadilishe modeli au shida iko kwangu? Bosi anataka tuzime kila kitu.

BibiSeva
Mdogo wangu, maneno saba halafu unailaumu modeli 😂 Ejenti haoni kodi (code) ya programu yako wala hajakaa na wewe ofisini, anachokiona ni jina la zana, hayo maelezo na skima ya parameta (yaani orodha ya taarifa anazotakiwa kujaza na aina zake), basi. Ni sawa na konda mgeni umemkabidhi basi leo asubuhi ukamwambia "kusanya nauli" ukashuka. Kwa laptop yako inakubali kwa sababu wewe unaandika 05:00, unajua mfumo unataka nini. Mama wa Moshi hajui na hapaswi kujua.

Mimi ningeandika hivi:

"Hukata tiketi MPYA ya abiria mmoja na kushika siti papo hapo. Usiitumie kusogeza tarehe ya tiketi iliyopo. muda: kwa mfumo wa saa 24, mfano 05:00. Abiria wanataja saa za Kiswahili: saa 11 alfajiri ni 05:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 2 usiku ni 20:00. Akitaja saa bila kusema ni asubuhi au usiku, muulize kwanza."

Ona hiyo mifano mitatu, ndiyo inayofanya kazi kubwa humo. Sentensi ya "tumia saa za kimataifa" peke yake usiitegemee, weka namba zenyewe. Na sehemu ya lini ASIITUMIE wengi wanaisahau.

Halafu kituo. Umeandika "kituo" tu, sasa abiria akisema napandia Mbezi? Mbezi Luis kwenye stendi ya Magufuli au Mbezi Beach? Weka orodha ya vituo vinavyoruhusiwa ndani ya skima ili achague humo, asijitungie.

msee_wa_seva
Niko Nairobi, huku pia tuna hiyo shida ya saa 😅 Nakubaliana na BibiSeva ila mimi ningeitoa parameta ya muda kabisa kwa kata_tiketi. Kwa nini aandike saa mara mbili? tafuta_safari imrudishie namba ya safari pamoja na maneno, mfano "Dar kwenda Moshi, inaondoka 05:00, saa 11 alfajiri", yeye anapeleka hiyo namba tu. Kitu ambacho hawezi kukosea hakihitaji maelezo.

Kuhusu kufuta, boss, hukumpa zana ya kusogeza tarehe, angefanyaje? Alichukua iliyokaribia. Ongeza sogeza_tiketi ambayo inashika siti mpya kwanza ndiyo iachilie ya zamani. Na futa_tiketi usiiachie maelezo peke yake, hata ukiandika USIFUTE kwa herufi kubwa siku moja atafuta. MCP ina alama za zana, kuna destructiveHint na readOnlyHint, ziweke, lakini spesifikesheni yenyewe inaziita vidokezo tu, hazizuii kitu. Kizuizi kiwe kwa seva yako: ombi la kwanza la kufuta linarudisha muhtasari na namba ya uthibitisho, abiria akikubali ndiyo linakuja la pili.

loji_hazidanganyi
Simu umeiweka namba au maandishi? Kama ni namba, sufuri ya mwanzo ya 07 inapotea, SMS ya tiketi haifiki. Nimelia na hilo wiki nzima.

Na fungua loji (kumbukumbu za seva) uone ujumbe wa makosa unaomrudishia. Yangu ilikuwa inarudisha "Kosa 400", ejenti anarudia ombi lile lile mara sita kama anagonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Nikabadilisha ikawa "Tarehe 12 imeshapita, leo ni 14, tuma tarehe ya leo au mbele", akaanza kujirekebisha mwenyewe kwa jaribio la pili. Ujumbe wa kosa nao ni maelezo, tena huo anausoma wakati anauhitaji. Ah na tarehe ya leo mpe wewe, modeli haina kalenda, "kesho" ataihesabu kutoka hewani.

tokeni_ni_hela
Mimi sipendi hii ya kuandika gazeti kila zana. Maelezo yote yanaingia kwenye kila mazungumzo na unalipia. Kwa zana nne sawa, ukifika thelathini utajuta, na ataanza kuzichanganya zinazofanana majina.

BibiSeva
@tokeni_ni_hela tiketi moja iliyokosewa inarudishiwa nauli, piga hesabu hapo kwanza. Ila kwenye thelathini uko sahihi, hapo dawa ni kupunguza zana zenyewe.

kodi_na_kahawa
Wakuu nimerudi. Nimetoa muda kwenye kata_tiketi, nimeweka sogeza_tiketi, futa inaomba uthibitisho, simu ni maandishi (ilikuwa namba, loji_hazidanganyi una macho ya mganga). Nikachukua chati arobaini za zamani za abiria nikazipitisha tena vile vile na makosa yao ya kuandika. Saa zimekaa sawa zote, aliyesema "saa mbili" tu bila kitu kingine akaulizwa ni asubuhi au usiku. Bosi kanipa wiki mbili.

Imebaki moja imenichekesha. Abiria kaandika "nifanyie J4 kama ipo". Ejenti kampa siti J4, safari ya leo. Jamaa alimaanisha Jumanne. Sasa hili naliandika kwenye maelezo ya siti, ya tarehe, au nibadilishe majina ya siti kwenye mfumo mzima?

msee_wa_seva
😂😂😂 Na kama kweli alitaka siti J4 siku ya J4?