Gari la gofu la volti 48 linakata mlimani ingawa chaja inaonyesha betri zimejaa

Msimamizi wa magari, Nungwi:
Ndugu mafundi, salamu. Ninasimamia magari madogo ya umeme, yale ya gofu, yanayobeba wageni na mizigo katika hoteli moja huku Nungwi. Gari moja la viti sita, lenye betri sita za maji za volti 8 zilizounganishwa mfululizo kupata volti 48, limeanza kunisumbua. Asubuhi chaja huonyesha kwamba limejaa, nalo hutembea vizuri kwenye tambarare, lakini likipanda kutoka ufukweni na mizigo hupungua kasi na hatimaye kukata kabisa. Likipumzika kidogo huendelea kana kwamba halikuwa na tatizo lolote. Nimepima betri zote kwa pamoja gari likiwa limesimama, nikapata volti 50.6. Aliyekuja kulikagua anapendekeza tununue kontrola mpya (kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota) na betri zote sita, gharama ambayo uongozi hautaikubali bila maelezo ya kuridhisha. Je, kuna namna ya kujua kilichoharibika kabla ya kununua chochote?

Fundi Betri:
Ndugu msimamizi, kontrola usiinunue kwanza. Hizo volti 50.6 zinaeleza hali ya betri zikiwa zimetulia tu. Betri iliyochoka huweza kuonyesha volti nzuri kabisa ikiwa haina kazi, kisha ikaanguka mara mota inapodai ampea nyingi za kupanda mlima. Kontrola ikiona volti za jumla zimeshuka chini ya kiwango chake, hupunguza nguvu au hukata. Mzigo ukiondoka, volti hupanda tena, na ndiyo sababu gari lako huamka baada ya kupumzika. Kwa maelezo uliyotoa, naona kontrola hiyo inafanya kazi yake ipasavyo.

Kinachotakiwa ni kupima kila betri peke yake wakati gari linapanda. Funga nyaya za mita kwa klipu kwenye betri moja, mwenzako aendeshe kupanda kilima kile kile kwa mzigo ule ule, uandike volti ya chini kabisa, kisha urudie kwa betri inayofuata. Betri iliyojaa na kupumzika saa kadhaa baada ya kuchajiwa huwa na volti 8.4 hadi 8.5. Kwenye mzigo zote zitashuka, na hilo ni jambo la kawaida; unayemtafuta ni yule anayeshuka volti nzima au zaidi kuliko wenzake. Ukishamwona, mthibitishe kwa haidromita, kipimo cha uzito wa asidi ya betri ukilinganishwa na wa maji. Kila betri ya volti 8 ina seli nne, na seli iliyojaa husoma karibu 1.265 hadi 1.280. Seli moja ikiachana na nyingine kwa zaidi ya 0.050, betri hiyo imekwisha.

Vua pete na saa, vaa miwani, wala usiruhusu cheche karibu na betri zilizotoka kuchajiwa, kwa kuwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

Nyaya na Solenoidi:
Nakubaliana na aliyenitangulia, ila mtu wa pwani asiache nyaya nyuma. Hewa ya chumvi hula ncha za betri na kuingia chini ya ganda la waya, mahali ambapo jicho halifiki. Gari likipanda, weka mita mwanzo na mwisho wa kila waya mnene: waya mzima hupoteza sehemu ndogo sana ya volti, lakini uliooza hupoteza volti ya kuonekana na hupata joto hata ukiugusa unalijua. Kutu nyeupe isafishwe kwa bikaboneti ya soda na maji, vifuniko vya seli vikiwa vimefungwa vizuri, maana soda ikiingia ndani inaharibu asidi.

Solenoidi, yaani swichi kubwa inayopitisha umeme wa betri kwenda kwenye mota, nayo hupimika kwa urahisi. Weka mita kwenye ncha zake mbili kubwa na ukanyage pedali. Ikilia na mita ikashuka karibu na sifuri, inapitisha umeme. Ikilia na mita ikabaki juu, viungo vya ndani vimeungua, na mlio wake usikudanganye. Halafu inua magurudumu uyazungushe kwa mkono, swichi ya Tow/Run ikiwa upande wa kuvuta gari (Tow). Breki inayoshika kidogo huweza kufanya betri zisizo na hitilafu zionekane mbovu.

Msimamizi wa magari, Nungwi:
Nashukuru sana. Solenoidi ilishuka hadi karibu sifuri, nyaya hazikupata joto na magurudumu yanazunguka vizuri. Kwenye kilima betri nne zilibaki juu ya volti 7.6, ya tano ikashuka hadi 7.1, na ya sita hadi 5.8, ikiwa na seli moja inayosoma 1.150. Kinachonishangaza ni kwamba hizo nne ndizo zinazomaliza maji haraka, ilhali hizi mbili hunywa kidogo. Je, nibadilishe moja, mbili, au zote?

Fundi Betri:
Hapo umetaja jambo kubwa kuliko volti. Angalia kama taa, feni au chaja ya simu imeunganishwa kwenye betri hizo mbili peke yake. Mafundi wengi hufanya hivyo kwa kuwa betri mbili hutoa karibu volti 16, na taa za volti 12 zinawaka. Tatizo ni kwamba chaja huona jumla ya zote sita: hizo mbili hazifiki kujaa, huku nne zikizidishiwa na kuchemsha maji yake. Betri mpya ukiziweka hapo zitakufa vivyo hivyo.

Toa waya huo na ufunge kipunguza volti cha kutoka 48 hadi 12 kinachochukua umeme kwenye betri zote. Kama seti haijatimiza mwaka, badilisha hiyo ya sita kwa betri ya aina na ukubwa uleule, uchaji seti nzima na upime tena ile ya tano kabla ya kuihukumu. Kama seti ni ya miaka mitatu au minne, betri mpya itavutwa chini na wazee, na hapo ndipo uongozi uombwe fedha za zote sita. Kontrola iachwe ilipo.

Msimamizi wa magari, Nungwi:
Ni kweli, taa za mbele na feni zinachukua umeme hapo hapo. Seti ni ya mwaka jana mwishoni, kwa hiyo naagiza betri moja na kipunguza volti.