Magoti ya mama mkubwa

Mama Mkubwa: Asalaam aleikum wanangu. Goti la kulia limenikaza tangu juzi. Kupanda ngazi afadhali, kushuka ndiyo balaa. Jana sikutoka hata uani.

Salma: Waaleikum salaam. Shikamoo mama mkubwa, pole sana. Ukiligusa lina moto?

Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu. Halina moto, jioni linavimba kidogo. Na nikiinuka kwenye kigoda linalia kwa-kwa-kwa.

Mjomba Hamisi: Dada, hapo uteute wa kulainisha goti umeisha. Loweka bamia usiku kucha, asubuhi unywe yale maji.

Salma: Shikamoo mjomba. Bamia mboga nzuri, ale tu. Ila ule utelezi ukifika tumboni unameng'enywa kama chakula kingine, hauendi kwenye goti. Kwa umri wake kinacholika sana ni gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa. Ni nyembamba, sehemu nyingi milimita 2 hadi 4 tu. Haina mishipa ya damu wala ya fahamu, ndiyo maana inaweza kulika miaka mtu hajasikia kitu. Na ikishalika hairudi kama ngozi inavyorudi.

Rehema: Sasa kama haina damu, inakula nini?

Salma: Huo huo uteute wa ndani ya goti, dada. Ukikanyaga gegedu inakamuliwa, ukiinua mguu inafyonza tena, kama sponji. Goti lisilotembea linakosa chakula.

Mama Mkubwa: Kumbe! Mimi najua nalipumzisha.

Salma: Likiuma sana pumzika mama. Likitulia, tembea kidogo kidogo njia tambarare. Halafu kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mbele, hesabu mpaka 5, shusha taratibu. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Paja likiwa na nguvu linalisaidia goti kubeba mwili. Kigoda kiache kabisa, chapati sukumia mezani.

Juma: Na uzito je?

Salma: Hilo ndilo jambo kubwa. Ukipunguza kilo 1, goti linapunguziwa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Mama Mkubwa: Kijana wa duka la dawa ananipa diklofenaki, nameza kila siku.

Salma: Kila siku?! Na presha yako hiyo? Mama, zinapandisha presha, zinachubua tumbo, zinaumiza figo. Maumivu zinatuliza, gegedu hazirudishi. Leo usimeze. Alhamisi nakuja, twende wote kwa daktari wa mifupa.

Juma: Ile meza ya stoo naileta kesho.

Mama Mkubwa: Na kiti chenye mgongo, baba.