Legacy B4 ya kila siku: nianze na nini ili gari litulie kwenye kona?

Mkazi wa Kahawa ameuliza:

Habari zenu nyote. Nina Subaru Legacy B4 ya 2.0 GT, la umbo lililotengenezwa kati ya 2003 na 2009, lenye turbo na gia za otomatiki. Ndilo gari pekee nyumbani. Kila siku hunipeleka kutoka Kahawa Sukari hadi kazini Upper Hill, Nairobi, na mara kwa mara familia nzima huingia tukashuka Mai Mahiu kuelekea Nakuru. Injini haina kasoro na sihitaji nguvu zaidi ya ilizo nazo.

Ninachotaka ni gari litii usukani vizuri zaidi. Ninapochepuka Thika Road kwenye kona ndefu, pua huvutwa nje kuliko ninavyopenda na mwili hulalia upande. Nikiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa juu ya lami yenye mawimbi, sehemu ya nyuma huendelea kupanda na kushuka hata baada ya wimbi kupita. Tena, nikivuka tuta polepole, husikika mlio wa kugonga mbele upande wa kushoto. Matairi ni ya 215/45R17. Meno bado yapo, ila yalikuja na gari.

Nimetenga shilingi 150,000. Wenzangu wamenishauri mambo matatu tofauti: springi fupi, stabilaiza nene ya nyuma (fito ya chuma inayozuia mwili kulala kwenye kona), na rimu za inchi 18. Gari haliwezi kulala gereji wiki nzima, na kutoka lami hadi langoni kwetu kuna matuta na mashimo. Naomba mnisaidie kwa mpangilio: kipi kitangulie, kipi kifuate, na kipi niachane nacho?

Fundi wa Ngara amejibu:

Ndugu, katika maelezo yako mna mambo ya aina mbili, na ni lazima uyatenganishe kabla hujatoa hata shilingi. Pua kuvutwa nje ya kona na mwili kulalia upande ni tabia ambayo gari hili lilitoka nayo kiwandani kwa kiasi fulani. Lakini nyuma kuendelea kurukaruka na mbele kugonga si tabia ya Legacy; huo ni uchakavu. Ukifunga kifaa kipya juu ya sehemu zilizochakaa, hutajua kamwe ni kipi kimekusaidia na ni kipi kinakudhuru.

Anza na shokabzoba. Kazi yake ni kutuliza springi baada ya kubanwa, kwa hiyo gari linalopanda na kushuka zaidi ya mara moja baada ya wimbi linakuambia waziwazi kwamba shokabzoba za nyuma zimechoka. Angalia kama zimetoa mafuta, lakini usizihukumu kwa hilo pekee, kwa maana nyingi huchoka ndani huku nje zikiwa kavu kabisa. Zibadilishwe mbili kwa mbili kwenye ekseli moja. Pale Kirinyaga Road utauziwa za mtumba kutoka Japani kwa bei ya kuvutia, nami sizishauri, kwa sababu unanunua uchakavu wa mtu mwingine usioweza kuupima kwa macho. Nunua mpya za kiwango cha kiwandani au za juu yake kidogo, zilizotengenezewa springi za kawaida.

Kuhusu mlio wa mbele, gari lipandishwe kwenye lifti na fundi alikague mwenyewe, asikisie tu kwa kulisikiliza barabarani. Gurudumu lishikwe juu na chini likatikiswe: likicheza, tazama bolijointi (kiungo cha mkono wa chini na gurudumu) au beringi. Kisha lishikwe kushoto na kulia: likicheza hapo, tazama tairodi, yaani fito inayoligeuza gurudumu usukani ukikatwa. Linki za stabilaiza, yaani vijiti vinavyoishikiza kila mwisho wake, hugonga hasa pale gurudumu moja linapopanda tuta kabla ya jingine, nazo ni miongoni mwa spea za bei nafuu kabisa. Halafu atazame kwa makini bushi (kiungo cha mpira) kubwa ya nyuma kwenye mkono wa chini wa gurudumu la mbele. Mpira wake ukipasuka, gurudumu hubadilisha mwelekeo kila unapofunga breki au kukata kona, na dereva huhisi usukani umelegea bila kujua kwa nini. Watu wengi wamenunua stabilaiza kutibu ugonjwa wa bushi hiyo moja.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza, nami naomba usimame pale ulishuhudie. Boliti za bushi za mpira zikazwe kikamilifu gari likiwa limekalia magurudumu yake, si likiwa linaning'inia. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hushikwa katika mkao usio wake, na gari linaposhushwa mpira huo huwa umejikunja saa zote hadi upasuke mapema. Utaambiwa spea ilikuwa mbovu, kumbe ilikazwa vibaya.

Bushi za poliyuretheni ngumu usiziweke kila mahali. Kwa gari la familia linalopita mashimo kila jioni, mpira mpya wa kiwandani unatosha na hauleti kelele.

Mteremko amejibu:

Naafikiana na fundi, nami nitazungumzia matairi, kwa sababu hapo ndipo mabadiliko makubwa zaidi yalipo na watu hupapita kwa haraka.

Tazama ubavuni mwa kila tairi, mwisho wa herufi zinazoanza na DOT, utakuta tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira hukauka na kuwa mgumu hata meno yakiwa marefu, na jua la Nairobi halisaidii. Tairi la miaka minane linaweza kupendeza kwa macho na bado likateleza vibaya katika mvua ya kwanza ya Machi, wakati vumbi na mafuta ya miezi kadhaa yanapochanganyika na maji juu ya lami.

Kwa kuwa gari lako huendeshwa kwa magurudumu yote manne, nunua matairi manne kwa pamoja, ya aina moja. Ukichanganya mapya na yaliyokwisha, mizingo yake hutofautiana, na utaratibu wa kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma hulazimika kufanya kazi bila kupumzika hata unapoenda moja kwa moja. Nafuu ya leo inakuwa bili ya gia kesho. Baada ya hapo yazungushe mbele na nyuma mara kwa mara ili yaishe sawasawa.

Kuhusu kipimo, baki kwenye inchi 17. Tairi la 215/45R17 lina ubavu wa takribani milimita 97. Ukichukua 225/45R17, ubavu unakuwa takribani milimita 101, tairi linapanuka kidogo, na kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 1.4 tu, kwa hiyo kipimamwendo hakipotoshwi kwa kiasi cha kukusumbua. Hakikisha tu halitagusa kitu usukani ukikatwa hadi mwisho gari likiwa limejaa watu. Rimu za inchi 18 zingekufanyia kinyume: ubavu mwembamba zaidi wa kupokea mashimo, na mara nyingi uzito zaidi kwenye gurudumu, uzito ambao shokabzoba inapaswa kuutuliza kila mara. Kwa barabara ya kuingia kwenu, huo ni mwaliko wa kupindisha rimu.

Jaza upepo asubuhi kabla tairi halijapata joto, ukifuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na siku ya safari ya Nakuru ufuate kipimo cha gari lililobeba mzigo. Mlalo wa mwili unaoulalamikia unaweza kuongezwa na ubavu wa tairi lenye upepo pungufu.

Njiwa wa Lang'ata amejibu:

Mimi natofautiana nanyi kidogo. Injini ya Subaru imekaa mbele ya ekseli ya mbele, na uzito huo ndio unaovuta pua nje ya kona. Hakuna bushi mpya itakayouhamisha. Stabilaiza nene ya nyuma huenda moja kwa moja kwenye tatizo. Inaipa ekseli ya nyuma sehemu kubwa zaidi ya kazi ya kuzuia mlalo, na hivyo tairi la mbele lililo upande wa nje wa kona linapata nafuu na kushika lami vizuri zaidi. Inafungwa kwa muda mfupi, gari halilali gereji, na kwenye barabara iliyonyooka ulaini wa safari haubadiliki sana. Kwa fedha hizo, sijaona kitu kingine kinachobadilisha Legacy kwa kiasi hicho.

Fundi wa Ngara amejibu:

Njiwa, unayosema kuhusu stabilaiza ni kweli, na sikatai ifungwe. Ninachokataa ni kuifunga kwanza. Stabilaiza haiongezi mshiko wa gari zima. Inauhamisha kutoka ekseli moja kwenda nyingine. Ukiyaondolea matairi ya nyuma sehemu ya mshiko wakati yameshakauka na shokabzoba za nyuma hazishiki, basi siku ya mvua kwenye kona ya kasi mkia ndio utakaotangulia kutoka. Dereva aliyezoea pua ikiteleza atainua mguu ghafla kwenye mafuta, na kitendo hicho kitazidisha hali. Ndani ya gari hilo watakuwamo watoto.

Tena uchague unene kwa kiasi. Ugumu wa fito hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, kwa hiyo fito ya chuma ya milimita 19 ni ngumu karibu maradufu ya ile ya milimita 16 yenye umbo lile lile. Pima iliyopo kwanza, kisha upande hatua moja tu. Nene kupita kiasi itakunyanyulia gurudumu la ndani kila unapoingia kwenye kituo cha mafuta kwa mshazari.

Mama Wawili, Ruaka, amejibu:

Ndugu, hujataja breki hata mara moja, na unashuka Mai Mahiu na familia. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri muda unavyopita. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 155. Yakichemka kwenye mteremko mrefu, mvuke huingia kwenye mabomba, na mvuke hubanwa, kwa hiyo pedali huzama bila breki kushika. Badilisha mafuta yote, si kuongeza juu ya yaliyopo, na pedi ziwe za kampuni inayoaminika zilizokusudiwa matumizi ya barabarani. Pedi za mashindano hazifai, kwani zikiwa baridi asubuhi hazishiki vizuri. Kazi hii ni ya nusu siku na haili sehemu kubwa ya bajeti yako. Na unaposhuka, shusha gia mapema ili injini ikusaidie kulizuia gari.

Kuhusu springi fupi, mimi nakuomba uziache kabisa, na sababu yangu haihusu matuta peke yake. Gari likishushwa, mkono wa chini wa gurudumu la mbele huanza kuelekea juu upande wa gurudumu. Hapo kitovu ambacho mwili hukizunguka unapolala hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito, kwa hiyo nguvu inayoulaza mwili hupata wenzo mrefu zaidi. Springi ngumu inatumia sehemu ya ugumu wake kulipia hasara iliyoletwa na ufupi wake. Zaidi ya hayo, nafasi ya gurudumu kupanda hupungua, na ukiwa na watu watano utakuwa unagonga mipira ya kikomo kwenye mawimbi yale yale unayoyalalamikia.

Mkazi wa Kahawa amejibu:

Nawashukuru sana. Nimelipeleka gari kwenye lifti kama fundi alivyoelekeza. Linki ya stabilaiza ya mbele kushoto imelegea, bushi za nyuma za mikono ya mbele zimepasuka pande zote mbili, na shokabzoba moja ya nyuma imelowa mafuta. Matairi mawili ni ya 2015 na mengine mawili ni ya 2017, kwa hiyo hata umri haulingani. Dada wa Ruaka, mafuta ya breki yalikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, nayo tayari yamebadilishwa pamoja na pedi za mbele.

Nimeamua kununua linki, bushi, shokabzoba mbili za nyuma, na matairi manne ya 225/45R17. Kilichobaki hakitoshi shokabzoba za mbele pamoja na stabilaiza. Lazima nichague kimoja. Swali langu ni je, nisubiri hadi nipate fedha za shokabzoba za mbele ndipo nifanye alaimenti (kupima na kurekebisha mkao wa magurudumu), au niifanye sasa?

Fundi wa Ngara amejibu:

Ifanye sasa. Bushi mpya zitabadilisha mkao wa magurudumu, na huwezi kuyaacha matairi mapya yaliwe upande mmoja kwa miezi miwili. Utairudia shokabzoba za mbele zikibadilishwa, kwa sababu kwenye gari lako gurudumu la mbele limeshikiliwa na shokabzoba yenyewe, na boliti ya juu kati ya hizo mbili zinazoiunganisha na kitovu cha gurudumu ndiyo inayorekebisha mlalo wa tairi. Za nyuma zikibadilishwa kesho na za mbele zikafuata, bado ni sawa, mradi kila ekseli ina jozi moja. Stabilaiza iwe ya mwisho.

Boliti hiyo ya juu ndiyo dawa ya bei ndogo kuliko zote kwa pua inayovutwa nje, na Njiwa atakubaliana nami. Kiwandani magurudumu ya mbele yamewekwa karibu wima. Mwambie anayefanya alaimenti ayaegemeze ndani kwa juu, digrii moja hivi kila upande, kushoto na kulia pakiwa sawa, na mwelekeo wa mbele uwe sifuri, yaani magurudumu yawe sambamba kabisa. Gari likilala kwenye kona, tairi la nje litakanyaga lami kwa upana wake wote badala ya kuegemea bega lake. Ukizidisha hapo, utaanza kula ukingo wa ndani kwenye barabara iliyonyooka, na safari zako nyingi ni za barabara iliyonyooka.

Wengi watakuambia kwamba mashine inaonyesha kijani na kwa hiyo kazi imekwisha. Kijani kinamaanisha tu kwamba vipimo vimo ndani ya mipaka ya kiwanda, na mipaka hiyo ni mipana kiasi kwamba kushoto na kulia panaweza kutofautiana huku mashine ikiridhika. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada, usome namba zenyewe, na usilipe kabla hujaziona zikilingana.