Ukoo wa Babu: Kura ya Jumamosi

*Alhamisi, 17 Aprili 2025*

Mwanaidi 19:02
Asalaam aleikum nyote. Nauliza kwa mara ya tatu. Kura za mapema za uchaguzi wa Kanada zinaanza kesho Ijumaa mpaka Jumatatu, saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku. Sisi tunakwenda Jumamosi saa nne. Gari langu na gari la Saidi. Nani anapanda na nani? Nataka majibu LEO.

Mwanaidi 19:31
Naona waliosoma ni kumi na moja. Vidole vimeuma?

Rukia 19:38
Niko jikoni mdogo wangu. Baba atakuja na mimi.

Mwanaidi 19:39
Hapana dada, kigari chako kidogo, goti la Baba halikunji. Baba yuko kwangu. Nimeshaandika.

Feisal 19:44
Shikamoo Mamdogo. Eti karatasi ya kura ya jimbo la Carleton ina majina 91?

Mwanaidi 19:45
Marahaba. Ndiyo, 91. Ni wale wanaodai mfumo wa uchaguzi ubadilishwe, wamejiandikisha kwa wingi makusudi. Jina la Poilievre, kiongozi wa Conservative, limo humo humo, utalitafuta.

Feisal 19:46
Karibu mita nzima! Hiyo kanga. Jina lake imeandikwa nini pale chini?

Zuhura 19:47
😂😂😂 "Nipigie mmoja tu"

Saidi 19:49
Wakinipa hiyo naondoka nayo, nafunikia mzigo

Feisal 19:49
Mjomba usisahau kuipindia 😂

Mwanaidi 19:52
JAMANI. Kitambulisho chenye anwani, kila mtu. Feisal hii ni kura yako ya kwanza, leseni yako bado ina anwani ya zamani. Umeshughulikia?

Mwanaidi 20:05
Feisal?

Mwanaidi 20:11
Basi niseme langu, msije mkadai nawaficha. Huyu bwana Poilievre yuko bungeni tangu 2004, aliingia akiwa na miaka 25, na tangu siku hiyo neno lake ni lile lile: serikali ikichukua kidogo, wewe unabaki na kingi. Wengine wamegeuka mara ngapi? Juni 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 8.1. Mnakumbuka nilivyokuwa narudisha vitu pale kwenye kaunta, foleni nzima ikinitazama. Halafu riba ya Benki Kuu ikatoka 0.25 ikafika 5 ndani ya mwaka na nusu. Mkopo wangu wa nyumba niliuchukua 2020, Septemba unafungwa upya. Sijalala. Yeye anasema itungwe sheria: serikali ikitaka kutumia dola mpya, kwanza ioneshe imebana dola nyingine wapi. Mimi nyumbani kwangu ndivyo ninavyoishi. Mbona wao wasiweze?

Zuhura 20:20
Shangazi pole na mkopo, nasema kweli. Lakini na mimi nina hesabu yangu. Tangu Januari hapa Ontario kituo cha mtoto hakizidi dola 22 kwa siku. Hizo ni fedha za serikali hiyo hiyo mnayotaka ipunguzwe. Zikiondoka, mimi naacha kazi. Mshahara wangu wote utaishia mlangoni pa kituo.

Mwanaidi 20:22
Amesema hadharani, aliyenayo huduma hiyo hanyang'anywi.

Zuhura 20:23
Na ambaye bado hajaipata? Jirani yangu yuko kwenye orodha mwezi wa kumi na nne huu.

Saidi 20:31
Mimi nawapa hesabu ya lori. Kodi ya kaboni kwenye dizeli ilikuwa senti 21 na kitu kwa lita. Nikijaza lita 900, karibu dola 190 zimekwenda kabla sijatia gia. Mnadhani nilizitoa wapi? Nilimpandishia mwenye mzigo, naye akampandishia mwenye duka, na mwenye duka akawapandishia nyinyi. Miaka sita wanatuambia bila kodi hii dunia itaungua. Carney wa Liberal ameingia uwaziri mkuu Machi, tarehe 1 Aprili ameiondoa. Nani alikuwa anaipigia kelele muda wote huo?

Rukia 20:40
Saidi, mimi marejesho yake nilikuwa nayangoja. Naendesha kidogo, nilirudishiwa zaidi ya nilichotoa. Jumanne tarehe 22 yanaingia ya mwisho. Sijui mwezi wa saba nitaziba wapi.

Saidi 20:42
Dada marejesho uliyaona kwa sababu yalikuja kwa jina lako. Bei ya nyanya haikuja na jina la kodi.

Rukia 20:43
Sikatai. Nasema tu niliyoyaona.

Feisal 20:50
Leseni nitapeleka na bili ya simu. Mimi nauliza la nyumba. Nitahama lini kwa Mama?

Rukia 20:50
Hata mimi nauliza 😂

Saidi 20:55
Poilievre anaahidi kuondoa GST, ile kodi ya mauzo, kwenye nyumba mpya ya chini ya dola milioni 1.3. Asilimia 5 hiyo, inaweza kufika dola 65,000. Carney naye anaiondoa, lakini kwa anayenunua mara ya kwanza tu na mwisho milioni moja. Lakini kubwa si hilo. Kubwa ni vibali. Nyumba inangoja muhuri miaka. Anasema mji usioongeza ujenzi kwa asilimia 15 kila mwaka unapunguziwa fedha za shirikisho.

Rashidi 21:15
Nimetoka kazini sasa hivi. Nimesoma yote. Saidi, hiyo ni serikali ndogo ya namna gani inayoushika mji sikio?

Saidi 21:17
Shikamoo kaka. Inamshika sikio mlinzi wa geti ili geti lifunguke.

Rashidi 21:19
Marahaba. Mlinzi wa geti mnayemsema ana jina. Wengine mnamwita kaka. Ofisini tulikuwa tisa, wawili wamestaafu.

Mwanaidi 21:20
Kaka, amesema hafukuzi mtu, ni wanaostaafu tu ndio hawatajaziwa nafasi zote.

Rashidi 21:26
Ndicho ninachowaambia. Faili za watu tisa hazistaafu. Upande wa pili wa faili yupo mzee kama Baba anasubiri hundi yake, anapiga simu, anaambiwa asubiri laini. Fedha inayopotea serikalini naijua kuliko yeyote humu, na naikasirikia. Washauri wa nje wanaolipwa mara mbili ya mshahara wangu kwa kazi ninayoijua mimi, aanze na hao, nitamshangilia. Lakini kikipunguzwa kiti changu, asiseme amemwokoa maskini.

Saidi 21:30
Hapo kwenye washauri tuko pamoja kabisa. Ila kaka, mimi sikuvutiwa na bei peke yake. Ni uhuru. Februari 2022, kwenye maandamano ya malori, serikali ilifunga akaunti za benki za watu bila amri ya hakimu. Januari 2024 Mahakama ya Shirikisho ikasema hapakuwa na sababu ya kutosha kutumia sheria ile ya dharura. Serikali inayoweza kufunga akaunti yako kwa simu moja ni kubwa mno, awe anaiongoza nani.

Zuhura 21:34
Ba'mdogo, uhuru gani wakati wiki hii Poilievre ametangaza atatumia kifungu cha 33, kile cha kuruka Mkataba wa Haki? Mahakama ya Juu ilisema 2022 kumrundikia mtu vifungo hadi asiwe na hata tumaini la kuomba kutoka ni kuvunja Mkataba wa Haki. Yeye anasema atairuka. Sina huruma na wauaji. Naogopa mlango. Ukifunguliwa kwa wauaji leo, kesho anaupitia nani?

Saidi 21:36
Kifungu kimo kwenye katiba, hakukibuni yeye.

Zuhura 21:36
Na sheria ya dharura nayo ilikuwa sheria.

Rashidi 21:41
Februari 2022. Sikutaka kuitaja, ameitaja mwenyewe. Wiki tatu honi chini ya dirisha langu, mama Zuhura na kichwa chake kile. Na tarehe 12, siku ya harusi, mwenye masufuria yuko wapi? Yuko na lori mbele ya Bunge.

Saidi 21:42
Kaka nilikwisha omba radhi.

Rashidi 21:42
Kwa nani?

Mwanaidi 21:44
Hatuanzi. Jumamosi saa nne. Tausi, Hemedi, Bi Mkubwa, hamjajibu.

Feisal 21:45
Bibi arusi alikula piza 🙈

Rukia 21:45
Feisal futa.

*Ujumbe huu umefutwa*

Babu 22:08
🎤 Ujumbe wa sauti (2:14)

Zuhura 22:17
Kwa walio kazini, nimeandika maneno ya Babu kama alivyosema:

"Nimesikia. Rukia amenisomea yote, hata la masufuria. Mwaka 1983 nilikuwa na duka Tanga. Ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, usiku mmoja nilimwaga baharini katoni za sabuni nilizozinunua kwa jasho langu, kwa kumwogopa mtu mwenye karatasi ya serikali. Asubuhi povu lilikuwa limejaa ufukweni. Kwa hiyo Saidi akisema uhuru, namwelewa kuliko anavyojielewa. Na hapa hapa walinipasua kifua, nikalala siku kumi na moja, nikatoka bila kuulizwa senti. Rashidi naye namwelewa. Kura yangu naijua na sitaisema. Mwanaidi, mimi sikukuomba gari. Jumamosi nitapanda la Saidi. Nitakaa nyuma. Mbele atakaa Rashidi. Kama hawa wawili hawawezi dakika kumi ndani ya gari moja, msinipeleke."

Feisal 22:41
Shikamoo Babu. Samahani.

Rukia 22:43
Ameshalala. Amezima na redio.

Mwanaidi 22:50
Sawa Baba. Nabadilisha orodha.

Saidi 23:24
Jumamosi nina mzigo wa Montréal alfajiri. Nikiwahi kupakua narudi saa nane mchana.

*Ijumaa, 18 Aprili 2025*

Mwanaidi 07:10
Basi iwe saa tisa mchana. Vituo viko wazi mpaka usiku. Kaka Rashidi?

Mwanaidi 09:35
Kaka?

Zuhura 09:52
Baba amesoma, Shangazi. Yuko nje anakusanya majani ya mwaka jana.

Tausi 11:20
Samahani jamani nilikuwa zamu ya usiku. Kwani tunakwenda lini?

Mwanaidi 11:21
Tausi nakuomba upande juu usome.

Rashidi 13:02
Masufuria anayo bado?

Saidi 13:03
Yote matatu. Yako gereji.